Makangaga ya Bafuni

Riziki, mwanangu na mama yangu,

Nimekaa kwenye chumba cha chai hapa kazini. Mashine za kufulia zinanguruma upande wa pili wa ukuta, na karatasi hizi nimeziomba kwa msimamizi wangu. Aliuliza za nini. Nikamwambia za kumwandikia binti yangu anayesafiri kesho. Akasema, si utamwona jioni ukirudi nyumbani? Nikamjibu kwamba nitamwona, lakini hatanisikia. Akaniangalia kidogo, akanipa karatasi nyingi kuliko nilizoomba, akarudi kwenye mashuka yake.

Ndiyo hali yetu. Tangu siku ile ya bafuni, kila ninachokuuliza unanijibu, "It's fine, Mum." Chakula kimeiva? It's fine. Begi limetosha? It's fine. Umenisamehe? It's fine. Hakuna kinachonitisha katika ile nyumba yetu ya ugenini hapa Newtown kama hayo maneno yako. Ungenipigia kelele ningejua pa kushika. Ungevunja sahani ningeokota vipande, tungeanzia hapo. Lakini wewe unaniangalia kwa adabu, unajibu, unaingia chumbani kwako kufunga mizigo. Kesho ndege itakuchukua, na mimi sijapata nafasi ya kukuambia jambo moja mpaka mwisho. Kwenye karatasi angalau huwezi kunikatiza.

Sitakuandikia habari za soksi, wala za kula vizuri, wala kwamba pampu zako za kupumulia ziwe mbili, moja kwenye begi na nyingine mwilini. Umeona, tayari nimeandika. Basi, hayo yameisha.

Ninachotaka kusema ni kuhusu ule mlima unaokwenda kuupanda. Wewe unasema unakwenda kwa ajili ya kazi, na mwalimu wako anasema hivyo hivyo, na kanisani wametangaza hivyo hivyo. Mimi peke yangu najua unapanda genge lile kwa sababu niliua kitu chako, na kingine kama hicho kimebaki huko juu tu. Ukianguka, Riziki, mimi ndiye niliyekusukuma. Siwezi kukaa na hilo. Nimejaribu kukaa nalo na siwezi. Hapa kazini nakunja shuka moja mara mbili, nalifungua, nalikunja tena, mpaka wenzangu wameanza kunitania kwamba nampigia pasi mfalme.

Acha nianzie mwanzo, hata kwa yale unayoyajua, maana hujawahi kuyasikia kutoka kwangu.

Ulipoanza kusomea makangaga nilikucheka. Nikupe ukweli, niliona aibu. Watoto wa wenzangu wanasomea uuguzi, wanasomea sheria, na mimi wangu anasomea majani yasiyotoa hata ua. Kwetu Uvira kangaga lilikuwa kitu cha mitaroni, mbuzi wenyewe walilipita. Mama Asifiwe mwenzangu wa kanisani, kwa kuwa ni mtu wa Kisangani, ndiye aliyeniambia kwamba machipukizi yake huliwa na kwamba kwao huitwa misili. Nadhani unakumbuka tulivyokwenda kuyachuma kwenye vile vilima nje ya mji, majira ya machipuko, mimi na yeye na mifuko yetu, nawe nyuma yetu kutuchunga.

"Mum, hiyo ni sumu," ulisema. "Seriously. Inaleta kansa."

"Sumu iko kwa wenye hawajue kupika," Mama Asifiwe akakujibu. "Tunachemsha, tunamwanga maji, tunachemsha tena. Na viazi ya bazungu ikikuwa ya kijani, haiko sumu?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye majani. Hukula hata kijiko kimoja, lakini ulituonyesha kitu. Uligeuza jani la zamani, ukanipitishia kidole changu chini yake, na kidole kikatoka na vumbi la kahawia. Ukasema hilo ndilo uzazi wake. Hakuna mbegu, hakuna ua, ni vumbi tu linalosubiri upepo. Nilifuta kidole kwenye sketi. Lakini njiani kurudi nilikuwa nakiangalia hicho kidole, na sikukuambia.

Baadaye ukaniletea habari za kisiwa. Ulikifungua kwenye simu, nikaweka kidole juu yake, kikapotea chini ya ukucha. Kisiwa kidogo hivyo katikati ya maji yote yale, na bado kina makangaga yake ambayo hayako mahali pengine duniani. Ulinieleza mezani huku viazi vikichemka. Kuna yale yaliyofika yenyewe, zamani sana, vumbi lililochukuliwa na upepo baharini. Wanawake wa kule hulisuka moja lenye harufu nzuri kwenye mashada ya kuvaa shingoni. Halafu kuna yale yaliyoletwa na watu. Kubwa kuliko yote ni lile linalokua kama mti, lenye shina refu na majani yaliyotandazwa juu. Mtu alilipanda kwenye bustani yake kwa sababu ni zuri. Vumbi lake likapanda mlimani, na sasa kule juu kwenye ukungu limefunika kila kitu, na yale madogo yaliyo chini yake yanakosa mwanga.

Nami, kwa kuwa ni mimi, nikakasirika kwa niaba ya lile kubwa. Nikakuambia, "Kwani lenyewe lilijileta? Likiletwa likaishi, kosa lake ni nini? Leo mnalikata, kesho mtasema nini juu yetu?"

Ulishika kichwa. "Mama, please. Not everything is about us. Hiyo ni kangaga."

Ulisema kweli. Sikukubali siku ile, lakini ulisema kweli. Mimi nimezoea kuona kila jambo kama mlango ambao mtu anataka kunifungia usoni, na hata jani likitajwa natafuta nilipo mimi ndani yake. Ni ugonjwa wa watu waliopanga foleni sana. Usiurithi. Wewe ulikuwa unaniambia habari za kitu kinachokufa, na mimi nikakifanya kesi yangu.

Kitu chenyewe ni kile kidogo cha gengeni. Jina lake la kitaalamu sijawahi kulitamka vizuri. Jani lake, kwa picha uliyonionyesha, halizidi kiganja cha mtoto, na linashika kwenye mwamba pale maji yanapochuruzika. Mwalimu wako alikuwa amekuta mmea mmoja tu, akachukua vumbi lake kwenye bahasha, na katika wanafunzi wote akakuchagua wewe ulioteshe. Siku hiyo ulirudi nyumbani na keki. Mwezi mzima ulikuwa unazungumza habari za maboksi ya kuoteshea.

Halafu joto likakatika kwenye nyumba ya vioo ya chuo, mkaambiwa mgawane maboksi mpaka mafundi wamalize. Ya kwako yakaja kwenye bafu letu, juu ya ule ubao wa dirishani, yenye vifuniko vinavyopitisha mwanga. Ukanionyesha, ukanishika bega ukaniambia, "Mama, usiguse. Usifungue hata kidogo." Nikakuambia siwezi kugusa. Na sikugusa. Nilikuwa naoga nikiwa nimeyapa mgongo, unaelewa? Kama watu.

Sasa nikuambie habari za kuvu, maana bila hizo utaniona mjinga tu, na mimi si mjinga.

Ulipokuwa mdogo kuvu lilikuwa kwenye ukuta wa chumba chako, nyuma ya kabati, na kwenye kona juu ya kitanda. Baba yako alikuwa ameshatutoka, tulikuwa mimi na wewe. Ulikuwa unakohoa mpaka midomo inabadilika rangi. Nilikupeleka hospitali mara nyingi, na kila mara daktari aliuliza, nyumba yenu ina unyevu? Nikawaita wenye nyumba. Mkaguzi alikuja, akatazama ukuta, akatazama sufuria zangu, akasema, "Mnapika sana. Fungueni madirisha." Akaja mwingine akasema nisianike nguo ndani. Theluji ilikuwa nje! Akaja wa tatu akaandika kitu, hakurudi. Kwa hiyo nikaacha kuita watu, nikaanza kupigana mwenyewe. Nilinunua maji ya javeli, ile dawa kali ya kung'arishia nguo nyeupe, nikavaa glavu, nikasugua. Kila Jumamosi nilisugua ule ukuta mpaka macho yananichoma, wewe nikiwa nimekupeleka kwa Mama Asifiwe usivute ile harufu. Likirudi, nasugua tena. Wewe umekua ukidhani mama yako anapenda usafi. Mimi sipendi usafi, Riziki. Nilikuwa nakutafutia pumzi.

Ndivyo nilivyokulea, na ndipo kosa langu kubwa lilipo. Nilikulea nikitazama kuta. Ulikuwa unakuja na mchoro wako kutoka shule, nami natazama kona iliyo nyuma ya kichwa chako kama imeanza kuwa nyeusi. Ukiniimbia, nasikiliza kifua, sisikilizi wimbo. Uliwahi kuniambia, ukiwa na miaka kama kumi, "Mama, unaniangaliaka kama niko mgonjwa, hata sikohoe." Nikakuambia nyamaza uvae sweta. Mtu akiogopa kwa muda mrefu, woga unakuwa kazi yake, na anaifanya vizuri, na hajui tena kufanya kazi nyingine.

Sasa njoo siku yenyewe. Wenye nyumba walikuwa wamepiga simu kwamba baada ya malalamiko yote wanatuma mkaguzi, na kwamba akikuta nyumba ina shida watatuhamisha. Mpya kabisa hii, mtu anakuja bila mimi kumwita. Wewe ulikuwa chuoni. Nikasafisha kila mahali, asije akasema shida ni uchafu wetu. Nikaingia bafuni, nikayaona maboksi yako, na kwa mara ya kwanza nikayatazama vizuri. Nilikuwa natafuta majani. Kangaga najua linavyofanana. Humo ndani hapakuwa na jani hata moja. Palikuwa na udongo mweusi umelowa, na juu yake utandu wa kijani, laini, unang'aa kwa maji, umeenea mpaka kwenye kuta za boksi.

Nikasema, yamekufa maskini, na kuvu limeingia. Mtoto wangu hajaona bado. Analala chumba cha pili na kifua kile, na hiki kitu kiko humu kinapumua. Na huyu mkaguzi akikiona atasema, mama, wewe mwenyewe unalifuga.

Sikukupigia simu. Hapo ndipo ninaporudi kila siku. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni. Sikukupigia kwa sababu nilikuwa na uhakika, na mtu mwenye uhakika hamuulizi mtu. Nikafungua vifuniko, nikamwaga javeli, nikasugua, nikasuuza, nikayapanga maboksi yakauke, meupe, mazuri. Nilijisifu hata. Nilisema akirudi ataona nimemwoshea, ataanza upya.

Mkaguzi alikuja. Alisimama mlangoni mwa bafu, akasema, "Fungueni madirisha."

Na wewe ulirudi. Nilikuwa jikoni nageuza ndizi kwenye mafuta. Nikakusikia unavua viatu, unaingia bafuni, halafu sikusikia kitu. Nikaja. Ulikuwa umekaa kwenye ukingo wa bafu na boksi moja magotini, unalinusa.

"Ni nani alifungua hizi?"

"Ni mimi, mama. Zilikuwa zimeoza. Kulikuwa kuvu."

"Mum." Ukasema polepole sana. "Haikukuwa kuvu. Ndiyo yenyewe. Inaanzaka hivyo. Inakuwaka kwanza ile kitu ya kijani, halafu jani inakuja nyuma. Nilikuwa nangoja jani."

Nikakuambia basi tupande tena. Nikakuambia nitakusaidia, nitanunua udongo, kuna duka zuri. Maneno mengi nilisema. Ukaniambia vumbi lote lilikuwa limeshapandwa, na ya wenzako yalikufa kwa baridi wiki ile ile, na hayo ya dirishani ndiyo yaliyokuwa yamebaki. Hukulia. Ndizi ziliungua jikoni, king'ora cha moshi kikaanza kupiga kelele, nikakimbia, niliporudi ulikuwa umesimama unanyoosha sweta lako. Ukasema, "It's fine, Mum. Basi nitaenda kuichukua mwenyewe."

Tangu hapo sijalala usingizi wa kueleweka. Ulipokuwa unazungumza na mwalimu wako kwenye spika, mlango ukiwa wazi, nilisikia yote. Kwamba mvua imelegeza ule mlima. Kwamba mwenyeji aliyewaongoza mara ya kwanza aliteleza akavunjika mguu, wakamshusha kwa machela siku nzima. Kwamba lile kangaga kubwa limefika mpaka ukingoni mwa genge, na mizizi yake haishiki udongo kama ya miti ya zamani, kwa hiyo kila mvua kipande kinaondoka, na msimu ujao huenda ule mwamba wenyewe usiwepo. Wewe ukawa unasema, "Yes. Yes, I understand." Kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

Nikafanya jambo la pili, ambalo unalijua na ambalo limekuudhi kuliko la kwanza. Nilikwenda chuoni kwa mwalimu wako. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka, nikabadilisha mabasi, nikamwuliza kila mtu mpaka nikafika mlangoni kwake. Nikamwambia, mama, nakuomba kama mzazi kwa mzazi, mtume mwingine. Binti yangu ana pumu. Sina mtoto mwingine. Kosa ni langu, si lake, nitume mimi. Ndiyo, nilisema hivyo. Mimi mwenye magoti haya, nitumwe mimi kwenye genge.

Hakunicheka. Alinipa kiti. Alisema wengine wanaweza kupanda, lakini jani la mwaka huu likishamwaga vumbi lake hakitabaki cha kuchukua ila ule utandu wa kijani kwenye mwamba, na mtu aliyekwisha kuuona ukikua kwa miezi mingi, anayeweza kuutofautisha na mwani na kila kitu kingine cha kijani, ni mmoja tu. Nikaelewa. Kitu nilichokitazama mimi nikaona uchafu, mtoto wangu ndiye mwenye macho ya kukiona. Nikatoka pale nimevunjika zaidi ya nilivyoingia. Nilikuwa nimekwenda kutafuta sababu ya kukuzuia, nikapewa sababu yako ya kwenda.

Na wewe ukasikia, na hiyo ndiyo siku pekee uliyonipandishia sauti. "Umeenda kwa mwalimu yangu? Kama niko mtoto wa primary? Mama, juu ya nini?"

Nilikuambia nilipita tu kumsalimia. Uongo mtupu, na kwa kitenge cha Pasaka.

Jibu la kweli ni hili: nilitaka uchukie, ukae. Ningependa unichukie ukiwa chumba cha pili kuliko unipende ukiwa kwenye lile genge. Jumapili wachungaji walipokuwekea mikono, kanisa zima likasema amina, mimi midomo yangu haikufunguka. Mama Asifiwe alinigusa kiwiko. Nilikuwa naomba dua yangu nyingine kimya kimya, na nitakuandikia ilikuwa nini, maana sitaki uondoke ukidhani una mama mwema kuliko niliye. Nilikuwa naomba usilipate. Naomba ukifika uambiwe limekwisha anguka, limekwenda na mvua, hakuna cha kupandia. Naomba life. Kitu hicho kimekaa kwenye mwamba wake tangu kabla ya mababu wa mababu zetu, hakijamkosea mtu, na mimi nilishakiua mara moja bila kujua, sasa nakiua kwa kujua, kwa maombi, ndani ya nyumba ya Mungu. Kama ni hicho au wewe, kipotee. Visiwa vyote vipotelee mbali na majani yake. Ndivyo ninavyofikiri, Riziki. Nimejitahidi kufikiri vingine, nimeshindwa.

Lakini kuna jambo jingine, na hili nimelikumbuka hapa hapa, karatasi zikiwa zimeanza kuisha.

Nilipoondoka Uvira nilikuwa na umri kama wako. Watu walikuwa wanakimbia, na mimi nilikuwa nimeamua kuvuka ziwa. Bibi yako hakutaka. Alisema tutulie, mambo yatapoa, alisema hivyo kila mara mambo yalipowaka. Nilijua nikimwaga atanishika nguo, atalia, nitabaki. Kwa hiyo nilisubiri aende shambani. Nilifunga vitu vyangu kwenye kitambaa, nikafagia nyumba, nikachota maji nikajaza mtungi, kwa sababu nilikuwa na aibu na nilitaka akute kazi imefanyika. Nikaenda. Nilijiambia nimemwokoa na machozi.

Miaka ilipita kabla hatujapatana kwa simu ya jirani. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Aliuliza kama ninakula, aliuliza habari zako, ulikuwa umeshazaliwa, ukampigia kelele za kitoto akacheka. Kisha akasema, "Lakini mwanangu, juu ya nini haukuniaga? Mimi ningelia, halafu ningekufungia ndizi za njiani." Nikamwambia nitakuja nikueleze vizuri. Sikwenda. Alikufa akiwa na lile swali, na mimi ninalo mpaka leo, na jibu sina. Nilidhani machozi yake yangenizuia. Kumbe alikuwa na haki ya kuyalia, halafu na haki ya kuniachia.

Nimekuwa nakunyima jambo hilo hilo, ila kwa upande wa pili. Bibi yako alinyimwa nafasi ya kulia. Wewe unanyimwa nafasi ya kuagwa, kwa sababu mama yako kila akifungua mdomo anatoa kamba ya kukufunga. Ndiyo maana umebaki na yale maneno yako mawili. Ni mlango umeniwekea, na mimi ndiye niliyekulazimisha kuuweka.

Basi sitakuomba usipande. Nilikuwa nimekaa hapa niandike hivyo, nakuapia, ilikuwa ndiyo sababu ya karatasi. Sitakuomba pia unisamehe kabla ya kesho, msamaha wa haraka nao ni it's fine nyingine. Nakuomba kitu kimoja. Umeniambia kuna kanisa dogo chini ya mlima, na kwamba hapo ndipo mtandao unapoishia. Usinipigie ukishashuka. Najua ulivyo, utapanda kimya kimya, utashuka, ndipo uniambie, "Mama, nilishapanda, niko mzima," ukidhani umeniokoa na machozi. Usinifanyie hivyo. Nipigie ukiwa hapo chini, viatu vimefungwa, kabla hujapanda. Hata kama huku ni usiku, hata kama niko kazini, nitapokea.

Nitalia, nikuambie mapema. Nitasema mambo ya kifua chako, nitamtaja Yesu mara nyingi, nitakuambia mvua inakuja hata kama sioni mbingu yako. Wewe nisikilize mpaka nimalize. Nitamaliza. Halafu uniambie, "Mama, napanda." Nami nitakujibu neno moja, nitakuambia panda.

Ni neno dogo. Nimelijaribu hapa mezani, kwa sauti, mpaka msimamizi amechungulia mlangoni kuuliza kama kuna shida. Bado halijatoka vizuri. Nina njia yote ya basi kurudi nyumbani, nitaendelea kulijaribu.

Mama yako